Coastal ya 1988 na jani la fedha la Wajerumani

Juma lililopita ami yangu alinitumia picha kutoka Tanga. Ni picha ya karatasi. Aliiweka juu ya mkeka akaipiga tena kwa simu. Kona ya chini imeliwa na mchwa, na rangi za jezi zimefifia zote zikawa kahawia. Sita wamesimama, watano wamechuchumaa, na pembeni yuko mtu mzima ameshika mkoba wa dawa. Ni Coastal Union, timu ya soka ya Tanga, ya 1988, mwaka ambao Wagosi wa Kaya, kama tunavyowaita, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara.

Marehemu baba aliinunua kwa mpiga picha wa mtaani akaifungia kwenye sanduku la bati, pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ndoa. Nyuma ameandika kwa wino: 1988. Basi. Majina hakuandika, na simlaumu, maana wakati ule nani angeyauliza? Kila mtoto wa Ngamiani aliyajua. Tulikuwa tukigawana tunapocheza chandimu, wewe fulani, mimi fulani, na aliyechelewa kufika alipewa jina la mchezaji wa benchi akanuna.

Nimeitazama picha ile usiku mzima. Nimeweza kuwataja wanne.

Naishi Dortmund, Ujerumani, mwaka wa kumi na mbili huu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Yupo mzee mmoja ambaye siku nyingine hamtambui hata binti yake. Lakini ukimtajia fainali ya 1956 anakaa wima kitandani, anaanza na kipa, anashuka kwa mabeki, anakuja mpaka winga wa kushoto, majina kumi na moja bila kukwama. Akimaliza anakwambia fainali ya 1957 walicheza haohao. Mara ya kwanza nilidhani maradhi yamemchanganyia miaka. Nilipotafuta nikakuta ni kweli tupu: Borussia Dortmund walicheza fainali mbili za ubingwa wa Ujerumani, ya 1956 na ya 1957, kwa kikosi kilekile, hakubadilika hata mtu mmoja, na zote mbili wakashinda.

Mwaka huohuo wa 1957 waandishi wa habari za michezo wa Ujerumani Magharibi, ambao walikuwa wakipiga kura ya mwanamichezo bora wa mwaka tangu 1947, waliongeza kura ya timu bora. Timu ya kwanza kuandikwa kwenye orodha hiyo ni hii ya mzee wangu. Tangu hapo orodha inaendelea. Mwaka 2003 walichaguliwa wanawake wa soka waliotwaa Kombe la Dunia, 2018 wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni waliorudi na medali ya fedha ya Olimpiki, 2023 wanaume wa mpira wa kikapu waliokuwa mabingwa wa dunia. Mtoto wa shule akitaka kujua timu ya mwaka aliozaliwa bibi yake, anaipata kabla chai haijapoa.

Hiyo ni tuzo ya waandishi. Serikali nayo ina yake, na ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika haya. Wanaiita Silbernes Lorbeerblatt, jani la fedha (fedha hapa ni madini, si pesa), jani la mti uleule ambao Wagiriki wa kale waliutumia kusukia mataji ya washindi. Rais Theodor Heuss aliianzisha Juni 1950. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita miaka mitano tu, miji imebomoka, na jina la Ujerumani lilikuwa likitajwa duniani kwa aibu. Nchi yenye hali hiyo ilikaa ikafikiri namna ya kuwashukuru wanamichezo. Walipochukua Kombe la Dunia 1954, Heuss aliwakabidhi wachezaji jani hilo katika uwanja wa Olimpiki wa Berlin. Walipolichukua tena 2014, Rais Joachim Gauck aliwaita Ikulu ya Bellevue mwezi Novemba akawapa hilohilo. Miaka sitini imepita kati ya siku hizo mbili, marais wamebadilika, nchi iliyokuwa imegawanywa imeunganishwa, jani liko palepale.

Jani lenyewe halina pesa. Ni kitu cha kubandika kifuani. Lakini timu ikitunukiwa, kila mchezaji anapata la kwake, jina lake linaandikwa, na anakwenda nalo nyumbani. Kipa wa akiba ambaye hakugusa mpira mashindano yote analo sawasawa na mfungaji.

Sitaki msomaji afikiri nawaleta Wajerumani kama malaika. Historia yao ya kuheshimu timu ina madoa, na mimi naona madoa hayo yana faida kwetu kuliko sifa zao. Kuanzia 1955 mpaka 1970 shirikisho lao la soka lilipiga marufuku wanawake kucheza kwenye viwanja vya klabu zake. Mwaka 1989 wanawake haohao walichukua ubingwa wa Ulaya kwa kuifunga Norway 4-1 mjini Osnabrück, mbele ya watu wao. Zawadi waliyopewa na shirikisho ilikuwa seti ya vyombo vya kahawa. Vikombe na visahani vyenye maua. Hapa Dortmund, mkabala na stesheni kuu, kuna jumba la makumbusho ya soka; nilipoviona vikombe hivyo nilisimama pale muda mrefu. Nilimkumbuka dada yangu aliyekuwa akikimbia kuliko wavulana wote wa mtaa wetu wa Makorora, na alichoambulia ni kuitwa jikedume.

Wenye ulemavu nao walitengwa. Kuanzia 1978 walikuwa na medali yao ya pembeni, hawakupewa jani. Mwaka 1993 ndipo medali ile ilipofutwa, na tangu hapo mwanamichezo wa Paralimpiki anavishwa jani lilelile analovishwa wa Olimpiki. Kwa hiyo hata hawa, pamoja na mpangilio wao wote, iliwachukua miaka arobaini na mitatu kukubali kwamba mshindi ni mshindi.

Sasa twende nyumbani.

Oktoba 2022 ilikuwa na jambo kubwa ambalo naona tumelipita mbiombio. Mwezi mmoja, timu mbili za Tanzania zilifika robo fainali ya Kombe la Dunia. Serengeti Girls, mabinti wa chini ya miaka 17, walifika hatua hiyo India mpaka Colombia walipowatoa. Tembo Warriors, wanaocheza kwa magongo ya kutembelea, walifika robo fainali Uturuki. Nauliza kwa nia njema kabisa: wewe unayesoma hapa, uliyezaliwa na kukulia Tanzania, unaweza kuwataja wachezaji watatu wa Tembo Warriors? Mimi siwezi, na nilizitazama mechi zao kwenye simu wakati wa mapumziko kazini, nikipiga kelele mpaka wenzangu wakaja kuangalia kuna nini.

Hatuna upungufu wa furaha. Kwenye furaha tunawazidi mbali sana hawa ninaoishi nao. Hapa jirani yangu wa ghorofa ya juu alishangilia ubingwa wa timu yake kwa kufungua dirisha, akafunga. Mwaka 1988 mama yangu alipika sinia mbili za pilau akazipeleka barabarani kwa watu asiowajua, na baba, mtu mkimya kuliko wote ukoo mzima, alirudi usiku amepoteza kiatu kimoja na anacheka. Hilo Ulaya halinunuliki.

Wala hatuna upungufu wa ukarimu siku hizi. Mwaka 2023 Rais Samia alianza kununua mabao ya Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, shilingi milioni tano kwa kila bao. Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika wakalikosa kwa sheria ya bao la ugenini mbele ya USM Alger, aliwakaribisha Ikulu wakala naye chakula cha jioni. Nilifurahi. Mchezaji ana wazazi, ana ada za watoto, na maisha ya uwanjani ni mafupi, kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba jani la madini ni bora kuliko milioni tano. Ila pesa huisha, na ikiisha haiachi maandishi. TASWA, chama cha waandishi wa habari za michezo, wametoa tuzo zao, Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1967, nalo limetoa. Ninachokitaka mimi ni tuzo moja ya nchi kwa timu, ya kila mwaka, awepo rais huyu au yule, awepo mfadhili au asiwepo, na daftari moja lenye kila jina: wachezaji wote, kocha, mtunza vifaa, na yule mwenye mkoba wa dawa. Na iwe ya michezo yote, wavulana na wasichana, wenye miguu miwili na wenye mmoja, tangu siku ya kwanza, tusije tukangoja miaka arobaini na mitatu.

Kuna kingine cha kuazima kwa hawa, na hiki kinawahusu zaidi watu wa Tanga. Mwaka 1984 Rais Karl Carstens alianzisha bamba la heshima kwa klabu za michezo zilizotimiza miaka mia moja. Haiulizwi imechukua makombe mangapi. Inatosha kwamba kwa miaka mia kuna watu waliofungua mlango, wakafua jezi, wakakusanya ada za wanachama. Nimeliona bamba kama hilo kwenye klabu ndogo karibu na ninapoishi, limetundikwa juu ya meza ya bia, na ukuta mzima chini yake ni picha za timu tangu enzi za vita, kila picha ina karatasi ya majina iliyopigwa taipu. Timu yenyewe ni ya daraja la chini kabisa. Wanacheza Jumapili, wanafungwa, wanapiga picha, wanaandika majina.

Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Miaka mia yao i karibu, na naamini watafanyiwa sherehe kubwa kwa sababu ni Simba na Yanga. Lakini nani atawakumbuka wakongwe wa mikoani? African Sports ya Tanga, Wana Kimanumanu, ambao ukoo wetu uligawanyika kwa ajili yao, mjomba upande ule na baba upande huu wa Coastal, hawasalimiani siku ya mechi ya uwanja wa Mkwakwani? Klabu kama hizi zimeshuka daraja, zimepanda, zimeuza wachezaji kwa nauli, na bado zipo. Kubaki tu ni kazi inayostahili bamba.

Ukisema kumbukumbu yetu iko vijiweni, nakubali. Nimekulia miguuni mwa wazee wa kahawa, kikombe kimoja na kipande cha kashata kilitosha kuzifungua mechi za miaka ishirini. Shida ni kwamba kijiwe kinazikwa. Kila nikipiga simu nyumbani naambiwa fulani ametangulia. Hata fainali ya juzijuzi, ya Kombe la Shirikisho la TFF, Julai 2022 pale Arusha, Coastal walipotoka 3-3 na Yanga wakashindwa kwa matuta, watu wanalikumbuka jina la Sopu, Abdul Suleiman, kwa sababu mabao yote matatu alifunga yeye. Wale kumi wengine waliompa mipira wameshaanza kufifia, na ni wa juzi tu.

Basi nilimpigia ami. Nikamwambia: shikamoo ami, tuijaze ile picha. Alicheka, akasema subiri nivae miwani. Tulikaa kwenye simu saa nzima. Huyu alikaa barabara ya kumi na mbili. Huyu alikuwa na mguu wa kushoto tu, wa kulia ulikuwa wa kusimamia. Huyu, ami alinyamaza kidogo, alizikwa mwaka juzi, nilikwenda. Tumefikisha saba. Huyo mwenye mkoba wa dawa ami anaijua sura, anaijua nyumba, jina limemtoka, na alikasirika kweli, akawa analirudia jina la baba yake bila kulipata la mwenyewe.

Ijumaa baada ya swala anakwenda Chumbageni kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza tiketi Mkwakwani. Nimemwambia achukue kalamu ya wino, si ya risasi, na aandike nyuma ya picha, chini ya mwandiko wa baba.