Siku Mashua Yangu Ilipojishua Barabarani

Mimi ni mtu wa Lamu, na jambo hilo nililitangaza kupita kiasi. Katika miaka yote niliyoishi kusini mwa Uingereza, hapakuwa na mfanyakazi mwenzangu hata mmoja ambaye hakujua kwamba marehemu babu yangu alikuwa nahodha, kwamba ami yangu ni nahodha hadi leo, na kwamba mimi mwenyewe nilijua kukumba maji chomboni kwa upo kabla sijajua kusoma. Nililolificha ni kwamba niliondoka Lamu nikiwa na umri wa miaka 14, na kwamba elimu yangu ya bahari ilibaki pale pale nilipoiacha, kama kanzu ya utotoni ambayo mtu huamini bado inamtosha kwa kuwa hajawahi kuivaa tena.

Mashua yenyewe ilikuwa ndogo, ya mbao, yenye urefu wa futi 12 na tanga moja. Niliipaka rangi ya kijani, nikaiita Tawakali, na kwenye omo, yaani mbele yake, nikaichorea macho mawili, kama yalivyo madau ya kwetu, ili ijionee njia. Huku Uingereza vyombo vidogo hupandishwa nchi kavu mnamo Oktoba, vikafunikwa maturubai, na kurudishwa majini Aprili au Mei, baridi inapolegea. Kwetu pia vyombo hupumzishwa pwani kusi inapovuma kwa ukali, kwa hiyo desturi hiyo haikunishangaza. Niliihifadhi Tawakali katika ghala la mkulima mmoja, mahali pakavu pasipo hata tone la maji, nikaisahau kwa miezi sita.

Nilipoifunua mwezi wa nne nilikuta mbao zimekauka na kusinyaa kiasi kwamba, nilipoingiza kichwa chini ya mkuku, niliona mwanga wa dirisha la ghala ukipenya katikati yake. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyeunda mashua kama hizo ujanani, alikuja akatazama, akasema nisifanye lolote: niitie maji ndani, niiache siku mbili tatu inywe, mbao zitavimba na kuzibana zenyewe. Nilimshukuru kwa adabu zote. Moyoni nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa akimfundisha mjukuu wa nahodha namna ya kuziba chombo.

Chombo kinachovuja hutiwa kalafati. Hilo kwetu analijua hata mtoto. Pamba husokotwa, ikalowekwa mafuta, ikapigiliwa kwa chembeu na nyundo katika kila mwanya hadi chombo kikawa kama chungu. Kwa kuwa sikuwa na sifa, mafuta ya samaki ambayo mafundi wetu huyatumia, nilichukua mafuta ya nazi ya mke wangu, yale anayopaka nywele; kwa kuwa sikuwa na chembeu, nilitumia bisibisi butu; na pamba niliinunua katika duka la dawa, paketi tisa, hadi muuzaji akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna mtu aliyeumia vibaya.

Nilipigilia siku mbili mfululizo. Jirani alisimama mlangoni mwa ghala, akatazama kwa muda, akafunga macho kama mtu anayeshuhudia ajali, kisha akaenda zake. Baadaye nilielewa sababu. Vyombo vya kwetu huundwa kwa mbao zinazokutana ubavu kwa ubavu, na ndiyo maana hutiwa pamba katikati. Lakini mashua kama Tawakali huundwa kwa mbao zinazolaliana kama magamba ya samaki, zikashikanishwa kwa misumari ya shaba, na hazitakiwi kuwekewa chochote baina yake. Ukizipigilia pamba unazipanua. Kwa maneno mengine, kila pigo langu la nyundo lilikuwa likiifumua mashua niliyodhani ninaiziba, nayo ikawa inanukia nazi vizuri sana.

Siku ya kuishua niliichagua mwenyewe, kwa hesabu ya mwezi. Ilikuwa Jumamosi, mwezi kumi na sita, yaani bamvua lenyewe, maji yanapojaa kuliko siku nyingine. Vitabu vya kujaa na kupwa huuzwa huku kwa bei ndogo, na hata simu ya mkononi ingeniambia saa kamili bila malipo, lakini mtu wa Lamu kununua kitabu cha maji ni kama Mpemba kununua maelezo ya karafuu. Hesabu niliijua tangu utotoni: mwezi ukiwa mpevu, maji hupwa asubuhi mnamo saa nne au saa tano, yakajaa alasiri mnamo saa kumi au saa kumi na moja. Basi tungefika saa tatu asubuhi, tukakuta maji yanatoka, tukala, tukatembea, na alasiri bahari ingekuja yenyewe kuichukua Tawakali.

Mahali nilipopachagua ni kijiji cha Bosham, kando ya bandari ya Chichester, ambacho wenyeji hukitamka Bozamu kwa sababu wanazozijua wao. Kuna barabara nyembamba inayopita ufuoni kabisa, chini ya kuta za nyumba, na penye barabara hiyo pana ishara inayowaonya madereva kwamba maji huifunika. Niliisoma. Nikamweleza mke wangu kwamba ishara hiyo imewekwa kwa ajili ya watu wa bara. Niliegesha gari na trela pembezoni mwa barabara, nikafungua mikanda yote iliyoishikilia mashua ili kazi ya alasiri iwe nyepesi, na nikatazama matope yaliyokuwa yameanikwa mbele yetu, vyombo vya watu vimelala ubavu, kwa kuridhika kukubwa.

"Bwana," mke wangu akasema, "una hakika maji yanatoka?"

"Ninayajua maji," nikamjibu.

Mtoto yeyote wa Lamu angechomeka kijiti topeni, akahesabu hadi mia mbili, akapata jibu. Mimi nilifungua sambusa.

Baada ya kula niliwapeleka mke wangu na binti yetu mwenye miaka tisa kuliona kanisa la kijiji, ambalo ni la kale mno na limechorwa hata katika kitambaa mashuhuri cha Bayeux kilichotariziwa karne ya 11. Ndani yake kuna kumbukumbu ya mtoto wa kike ambaye kwa masimulizi ya wenyeji alikuwa binti wa mfalme Canute, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1016 hadi 1035. Mfalme huyo husimuliwa kwamba alikiweka kiti chake ufuoni akaiamuru bahari isipande, bahari ikapanda na kumlowesha miguu, naye akawageukia watu wake waliozidi kumsifu akawaonyesha kwamba amri ya mfalme haina nguvu mbele ya maji. Miji kadhaa hugombania kisa hicho, na Bosham ni mmojawapo. Nilikisimulia kwa madoido, nikiwa nimesimama mbele ya madhabahu na mikono nyuma, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Binti yangu alichoka akatoka nje.

Alirudi mbio. "Baba," akasema, "gari letu linaoga."

Tulipofika ufuoni hapakuwa na ufuo. Matope yalikuwa yametoweka, barabara ilikuwa imetoweka, na katikati ya maji matulivu lilisimama gari langu, maji yakikaribia vitasa vya milango. Taa zake zilikuwa zikiwaka na kuzima, na wipa zilikuwa zikipangusa kioo zenyewe, kwa bidii, ingawa jua lilikuwa likiwaka. Juu ya ukuta wa karibu walikuwa wameketi watu kiasi cha ishirini, wenye vinywaji mikononi, na kutokana na utulivu wao nilitambua kwamba hii si mara yao ya kwanza na kwamba walikuwa wamewahi nafasi nzuri mapema.

Tawakali haikuwa kwenye trela. Maji yalikuwa yameiinua kwa upole, kwa kuwa mikanda niliifungua kwa mkono wangu, ikajishua yenyewe bila dua wala nahodha, na sasa ilikuwa ikielea juu ya barabara, ikilizunguka gari polepole na kuligonga ubavuni kila ilipopita. Kila ilipogeuka, yale macho niliyoichorea yalinitazama.

Nilivaa kikoi nilichokuwa nimekileta kwa ajili ya sherehe, nikaingia majini. Bahari ya Uingereza mwezi wa Aprili ina nyuzi 10 hivi, na mtu aliyelelewa katika maji ya Lamu hatakiwi kukutana nayo kuanzia kiunoni. Nilitoa sauti ambayo binti yangu huiigiza hadi leo mbele ya wageni. Kufikia hapo pamba ilikuwa imeanza kuchomoka katikati ya mbao, ikielea pande zote kama mabaki ya mto uliopasuka, na juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta uliong'aa kwa rangi za upinde wa mvua. Nilijirusha ndani ya mashua nikitafuta upo. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani; mimi nilirejea ngamani moja kwa moja, nikakuta ngama, yaani tumbo la chombo, imejaa hadi ukingoni. Mashua ikashuka taratibu nikiwa nimeketi ndani yake, ikatulia juu ya lami. Watu wa ukutani walipiga makofi. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya sufu, alinielekezea kwa sauti ya upole kwamba maji yatajaa kabisa saa saba mchana, kwa hiyo bado yangali yanapanda.

Jioni nilimpigia simu ami yangu Lamu, nikitumaini atasema kwamba bahari ya Wazungu imeharibika.

"Mwanangu," akasema baada ya kumaliza kucheka, na alichukua muda, "mwezi ni mmoja, lakini kila bandari ina saa yake. Hata mimi nikifika bandari ngeni namuuliza mvuvi wa pale kwanza. Huko hakuna wavuvi?"

"Wapo, Ami."

"Hawasemi?"

Nilikumbuka ile ishara, nikabadilisha mazungumzo.

Tawakali tuliivuta kwa kamba maji yalipotoka, nikaitoa pamba yote kwa kibano cha nyusi cha mke wangu, mzee jirani akanigongea upya misumari iliyolegea bila kusema neno, kisha tukaijaza maji ikakaa siku tatu. Ikavimba na kuzibana, kama alivyosema. Gari halikupona.

Lililobaki ni fomu ya bima. Niliulizwa mahali pa ajali, nikaandika barabarani. Niliulizwa kama kuna chombo kingine kilichohusika, na kwa kuwa mlango wa kushoto ulikuwa umebonyezwa na Tawakali mara kadhaa, nilijaza kwa uaminifu: mashua, futi 12, rangi ya kijani, haikuwa na dereva. Kwenye nafasi ya mwenye chombo hicho niliandika jina langu. Baada ya wiki moja kijana mmoja wa bima alinipigia simu, akaniuliza kwa uzito kama mwenye mashua amekubali kwamba kosa ni lake.

Nilimwambia bado tunazungumza naye, lakini ni mtu mbishi, wa Lamu.