Mwacheni namba 137 arudi nyumbani

Wiki hii nimetumiwa kile kipande mara nne. Mnakijua: kamera inapanda ghorofa refu la New York, inapenya dirishani, inatokea juu ya ukumbi uliojaa meza za makarani, safu kwa safu, kila mmoja kainamia makaratasi yake. Mtu kakipachika singeli juu yake na kuandika "Jumatatu hiyooo". Watu wamecheka wee. Mimi nimenuna.

Filamu hiyo ni The Crowd ya mwongozaji King Vidor, ya mwaka 1928, na ninyi mnaoisambaza mmeishia getini. Yule karani wa meza namba 137 anaitwa John Sims. Saa ya kutoka kazini ikifika anakwenda nyumbani kwa mkewe, Mary, na utamu wote na uchungu wote wa filamu uko huko, kwenye kijumba chao cha kupanga. Lakini nani atasambaza mtu anayegombana na mlango wa kabati?

Ndiyo, kabati. Hawa walikutana siku moja, wakaenda kutembea Coney Island, ufukwe wa burudani wa New York, na wakati wa kurudi kijana kaona tangazo la samani ndani ya treni, akamchumbia binti hapohapo. Fungate kwenye maporomoko ya Niagara. Halafu maisha. Kuna asubuhi moja mule ndani ambayo ningeilazimisha ionyeshwe kwenye kila kikao cha kamati ya harusi, pale kati ya bajeti ya ukumbi na bajeti ya mapambo. Choo kimeharibika. Mlango wa kabati haufungiki, kila ukisukumwa unarudi. Kitanda cha kukunjia ukutani nacho kina visirani vyake. Mume analalamika kana kwamba mke ndiye fundi aliyevitengeneza, kisha anahamia kwenye nywele zake. Nywele! Mwanamke kaamka saa hiyo, anahangaika na chai. Wanafikia kutamkiana mambo ya kuachana, mume anatoka kwa hasira, na ndipo Mary anamwita kutoka dirishani arudi, kwa sababu amesahau kumwambia kwamba ni mjamzito.

Hakuna mchepuko, wala mama mkwe wala mganga. Sisi tumezoeshwa kwamba ndoa haivunjiki mpaka apatikane mwanamke wa nje mwenye kucha ndefu. Hata Sunrise ya Murnau ya mwaka 1927, filamu ninayoiheshimu sana, ilihitaji mwanamke wa mjini na mume aliyepanga kumzamisha mkewe ziwani. Filamu hizo mbili zilishindanishwa kwenye tuzo za kwanza za Oscar, na Sunrise ikashinda ile ya filamu ya kisanaa. Sawa, washinde. Ila mimi sijawahi kupanga kumzamisha mtu, na kitasa kibovu nakifahamu vizuri.

Mwaka wetu wa kwanza tulipanga chumba kimoja Mabibo, na mlango wake ulikuwa na kitasa kinachokwama. Kila mke wangu akikitaja nilijibu, "Vumilia, mambo yakikaa sawa tutahama." John naye ana wimbo huohuo, kila siku anamwambia Mary asubiri meli yake itie nanga, yaani bahati yake ifike. Kwetu tulinuniana siku tatu. Siku ya nne akachukua kisu cha jikoni, akakifungua kile kitasa, akakirekebisha kwa dakika mbili, hakusema neno. Bora angenitukana.

Haya, nikiri. Kaka zake Mary wamechorwa kama vinyago, na baadhi ya machozi ya John yamezidi kipimo hata kwa filamu bubu. Vidor alipiga miisho kadhaa kwa sababu wakubwa wa studio ya MGM walitaka watu watoke wakitabasamu, na hilo linaonekana kidogo. Nimekiri, inatosha.

Lakini nionyesheni filamu nyingine yenye ukatili huu. John anashinda dola 500 kwa kubuni maneno ya tangazo, ananunua zawadi, wanawaita watoto kutoka dirishani waje kuziona. Binti mdogo anavuka barabara mbio na lori linamgonga. Baba anatoka nje kuusihi umati unyamaze, mtoto wake anaumwa, na mji unaendelea na kelele zake. Baada ya hapo hana kazi, hana maneno, na mke anachoka kweli.

Mwanzoni kabisa, akiwa juu ya basi na Mary, John alimcheka mtu aliyevaa mavazi ya kichekesho, kabeba ubao wa tangazo, anarusha mipira barabarani ili apate chochote. Mkifika mwisho mtaona nani kavaa yale mavazi. James Murray aliyemwigiza John alikuwa ziada tu, wa kujaza umati, kabla Vidor hajampa nafasi hii. Pombe ilimmaliza, na mwaka 1936 akafa maji kwenye mto Hudson, ana miaka 35. Huwa siwezi kumtazama akirusha ile mipira bila kulikumbuka hilo.

Na Mary, ambaye ni Eleanor Boardman, wakati huo mke wa Vidor mwenyewe, siku hiyo kafunga virago. Kaka zake wanamsubiri. Anatoka, anasita nje, anarudi ndani. John anamwonyesha maua na tiketi za kwenda kucheka, wanaweka santuri, wanacheza. Mary haelezi kwa nini karudi. Nimemuuliza mke wangu, kwa kuwa tuliitazama pamoja. Akasema, "Kazima jiko?" Akainuka kwenda kuangalia la kwetu.