Hongera Bibi Harusi, Shilingi 400

Mjomba wangu anauza samaki Mji wa Kale, hapa Mombasa, na mimi ndiye niliyemtengenezea ubao wa taa unaopitisha maandishi kwa chipu ya 8051, yaani kompyuta ndogo ya kipande kimoja. Kwa kuwa kumbukumbu ya ndani ya chipu hiyo ni baiti 128 tu, nilimweleza kwa kirefu kwamba lazima tuongeze ya nje, ambayo amri ya MOVX huifikia hadi kilobaiti 64. Tangazo lenyewe lilikuwa na herufi 32 na lingeenea ndani bila taabu, lakini fundi naye hupenda kuonekana fundi.

Juma zima ubao ulisoma SAMAKI WABICHI KILO SHILINGI 400. Kisha binti wa jirani akaposwa, na siku ya harusi mjomba akataka pongezi zipite kwa zamu na bei. Nikapanga bei ikae kuanzia anwani 0000H na pongezi kuanzia 0100H (H ni alama ya namba za msingi wa 16). Rejista ya DPTR, kisanduku cha biti 16 ndani ya chipu kinachotosha anwani nzima, ilikuwa imeshikwa na amri ya MOVC iliyosoma maneno kutoka kumbukumbu ya programu, nami kwa uvivu wa kuihifadhi na kuirudisha kwa kila herufi, nikaandika MOVX @R0, A, inayochukua anwani kutoka rejista ndogo ya R0. R0 ina biti 8 tu, yaani nusu ya chini ya anwani, ambayo kwa bei na kwa pongezi huanzia 00H ileile. Nusu ya juu ya anwani hutoka kwenye poti P2, ambayo sikuigusa, ikabaki na FFH kama ilivyoamka. Anwani zangu mbili zikawa mlango mmoja, na pongezi, zenye herufi 19, zikalala juu ya herufi 19 za mwanzo za samaki.

Jioni, wanawake wakipita na mabuibui yao kwenda harusini, ubao ukawaka: HONGERA BIBI HARUSI SHILINGI 400.

Nyanya yake bibi harusi alisimama, akasoma, akangoja zamu ya pili. Ikaja ileile.

"Mwanangu," akamwambia mjomba, "hiyo ni mahari mmeitangaza, au ni bei ya kilo?"

Nikaanza kueleza habari za P2. Mjomba hakunijibu, alichukua gunia la samaki, likiwa bado linachuruzika maji, akaufunika ubao.

Usiku ule niliipa P2 thamani yake, 00H kwa bei na 01H kwa pongezi, kabla ya kila kuandika na kila kusoma. Yule nyanya, hata hivyo, hadi leo akija kununua samaki aina ya changu hutoa shilingi 400 na kuuliza kama leo anabeba samaki au mwali.