Mwanaume kulia baada ya kufungwa, shida ni machozi au ni muda?

Mashindano makubwa yakiisha lazima iwepo picha ya mwanaume mzima kakaa kwenye nyasi analia, na hapo kibanda umiza kinagawanyika, hawa wanasema jikaze bana mamilioni yote hayo unayolipwa, wale wanasema muacheni jamaa kaumia.

Tuanze na wanaokataa, maana siku hizi tunawapuuza haraka tukidhani ni washamba tu. Hoja yao nzito ni ya kazi. 2014 Brazil wako kwao, wanacheza na Chile 16 bora, imeisha 1-1 wanaenda kwenye matuta, nahodha Thiago Silva kajitenga kakaa juu ya mpira analia na penati kaomba asipige. Brazil ikapita, ila Wabrazil wenyewe walimsema balaa, na kiukweli siwalaumu, kama nahodha kashalowa hivyo yule dogo anayeenda kupiga amwangalie nani? (Zile goli 7 Brazil waliyopigwa na Ujerumani nusu fainali msimbebeshe, siku hiyo alikuwa nje kwa kadi.)

Hoja nyingine ni ya mshindi. Kwenye tenisi, fainali ya Melbourne 2009 Federer kapigwa na Nadal seti tano, akashika maiki akalia mpaka akashindwa kuongea, sasa Nadal ambaye ndo kwanza anachukua Australian Open yake ya kwanza ikabidi aende kumshika bega ambembeleze. Bingwa anafanya kazi ya kufariji siku yake mwenyewe! Hapo hata mimi ninayewatetea wanaolia nakosa cha kusema.

Ila sasa mtazame Asamoah Gyan, mshambuliaji wa Ghana. Johannesburg 2010, Ghana na Uruguay robo fainali, Suárez wa Uruguay kaudaka mpira mstarini kama kipa, penati dakika ya mwisho kabisa ya nyongeza, Gyan akipata tu Afrika inaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Akagongesha mtambaa panya. Watu wanasahau kilichofuata: kwenye matuta ni yeye yule aliyetangulia kupigia Ghana, akafunga. Wakatolewa 4-2, ndipo akalia, tena vibaya. Kamaliza kazi yake yote ndo kalia, sasa huyu unamwambia ajikaze wapi tena?

Kwa hiyo mi naangalia zaidi muda kuliko machozi, ingawa Ronaldo ananiharibia hesabu. Euro 2024 dhidi ya Slovenia kakosa penati, akalia mechi haijaisha, halafu kwenye matuta akapiga ya kwanza akafunga na Ureno ikapita. Basi tuseme hivi, kulia mapema ni kosa pale unapokimbia zamu yako.

Halafu kuna unafiki mmoja. Zidane fainali ya 2006 kampiga Materazzi kichwa cha kifua, kadi nyekundu, kaiacha Ufaransa pungufu na kombe likaenda Italia, na mpaka leo kuna watu wanakusimulia tukio lile wanacheka kwa sifa, eti mwanaume hachezewi. Hasira nazo si hisia jamani? Aliyelia kaigharimu nini timu kulinganisha na huyo?

Na wanaotetea machozi nao wana ujanja wao, kila saa wanakutolea Andy Murray wa tenisi kafungwa fainali ya Wimbledon 2012 akalia, akabeba 2013, au Messi kafungwa fainali ya Copa América 2016 akalia, akaja kuchukua Kombe la Dunia 2022, yaani kama vile machozi yanaruhusiwa kwa mkopo, ukija kushinda ndo deni linafutwa. Gyan hajarudisha chochote. Fainali ya AFCON 2010 kapoteza, ya 2015 kapoteza tena kwa matuta, kastaafu hana hata hilo kombe la Afrika. Kwa hesabu zenu yeye hakutakiwa kulia kabisa.