Usiku wa The Ritz na usiku wetu wa dansi

Mwenzangu wa zamu ya usiku, mzaliwa wa hapa hapa New York, ndiye aliyenisikilizisha "Live at Budokan", albamu ya jukwaani ya kundi la S.O.D. la hapa hapa. Budokan ni ukumbi wa Tokyo, lakini onyesho lenyewe lilipigwa ukumbi wa The Ritz, New York, tarehe 21 Machi 1992. Kundi lilitoa albamu moja mwaka 1985, kisha kila mtu akashika njia yake: Scott Ian na Charlie Benante walikuwa na kundi la Anthrax, Dan Lilker na kundi la Nuclear Assault. Miaka saba baadaye wakapanda jukwaani tena na mwimbaji wao Billy Milano, na safari hii kanda zilikuwa zinazunguka.

Muziki huu wanauita krosova, metali ya thrash na panki kali ndani ya chungu kimoja. Nyimbo nyingine zinaisha kabla hujameza mate. Sikutarajia, lakini nimeupenda. Milano anazungumza na watu, watu wanamjibu kwa makelele, na yote yamo.

Kinachoniuma ni jina la ile albamu ya 1985, "Speak English or Die": mgeni aongee Kiingereza au afe. Wenyewe husema ulikuwa mzaha. Mimi nimekatiwa simu kwa ajili ya lafudhi yangu, na mzaha huo haunipiti kooni.

Kwetu Tanzania lafudhi ya mgeni ilipendwa. Mwanamuziki Remmy Ongala aliingia Dar mwaka 1978 akitokea Kongo, akapiga na bendi ya Orchestra Makassy, baadaye Super Matimila. Bendi ya Maquis nayo ilitoka huko huko. Kiswahili chao kilikuwa na ladha ya kwao, na baba yangu husema ladha hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtoa nyumbani kila Jumamosi. Kwa hilo, Dar ilikuwa mji mkubwa kuliko New York.

Lakini sauti ya usiku ule wa ukumbini iko wapi? Tulichobaki nacho zaidi ni kanda za Radio Tanzania, zilizopigwa studio, nyimbo zimefupishwa. Ukumbini chemko, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, halikuwa na haraka, watu walipanda kumtuza mwimbaji, naye akawataja majina. Mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka kundi lake la NUTA, lililokuja kuitwa Msondo, akaenda bendi ya Mlimani Park mwaka 1978, akapita Orchestra Safari Sound, kisha akarudi kwa wenzake wa Msondo. Usiku wa kwanza aliposimama nao tena, ningetoa mshahara wa mwezi mzima kuusikia. Hawa wa New York wanaununua wa kwao dukani.

Baba anayo kaseti moja aliyorekodi mwenyewe, redio-kaseti ikiwa mezani kati ya chupa. Gitaa la solo linasikika kwa mbali, mtu anaagiza bia, kisha mama anacheka. Nimemtumia mdogo wangu hela aipeleke kwa fundi, aiingize kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza.