Godauni la Mabogini lianze na udongo

Ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea Mabogini na Chekereni, kwenye viwanja vinavyopakana na mashamba ya mpunga, ushauri wa kijiweni ni uleule: pigilia ardhini nguzo za zege za kiwandani, jengo halitazama. Kisha muuzaji anaulizwa, moja inabeba tani ngapi? Kwangu mimi, muuzaji ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa hilo.

Chukua nguzo ya sentimita 30 kwa 30. Zege lake, likiwa zuri, linahimili takribani tani 90. Sasa ipigilie mita 10 kwenye udongo laini wa mfinyanzi, unaoishika nguzo kwa tani 2 kwa kila mita ya mraba. Ubavu wote, mita za mraba 12, utapata tani 24. Ncha, isipogusa tabaka gumu, haifiki hata tani 2. Gawa kwa 2.5 kwa ajili ya usalama, unabaki na tani 10 hivi. Ukiongeza nondo hapo, unanunua nguvu ambayo udongo hautakuruhusu uitumie.

Halafu kuna haraka. Nyundo huvuruga mfinyanzi na kupandisha shinikizo la maji yaliyomo, hivyo siku ya kupigilia nguzo huonekana dhaifu. Wiki kadhaa baadaye, shinikizo likishuka, udongo hushika upya na uwezo hupanda. Mkandarasi anayepima papo hapo anaweza kukuuzia mita usizozihitaji.

Kinachonitisha zaidi ni kifusi. Watu wanainua viwanja kwa moramu wakihofia mafuriko, jambo la busara kabisa, ila mfinyanzi ukibonyea chini ya uzito huo huivuta nguzo kwenda nao. Sehemu iliyokuwa inabeba inageuka mzigo.

Na msidhani haya ni ya kwetu tu. Millennium Tower ya San Francisco, ghorofa 58, ilikamilika 2009 juu ya nguzo za zege zaidi ya 900 zisizofika kwenye mwamba. Kufikia 2016 ilikuwa imezama takribani sentimita 40, na pia kuinama. Mfinyanzi ulio chini zaidi ya ncha ndio uliobonyea.

Nyumba ya vyumba vitatu kwa kawaida haihitaji nguzo hizi. Kwa godauni, toboeni udongo mpaka chini ya ncha inapotarajiwa kufika, pigilieni nguzo moja, iacheni ipumzike, kisha ipakieni mzigo kabla ya kuagiza nyingine. Hela ya vipimo hivyo mtaipata kwa kuacha zile nondo za ziada.