Soketi Imekufa

Nimetoka sasa hivi kumlipa fundi umeme elfu kumi. Sina ugomvi naye, kijana ana adabu, ila soketi aliyokuja kuitengeneza haikuwa ukutani.

Ukoo mnaujua. Ukiuza kibodi Kariakoo miezi sita tu, tena kwa kumshikia mtu meza, basi wewe ni mtaalamu wa kompyuta mpaka kaburini. Mtoto wa dada yangu kapewa kazi ya chuo, aandike programu ya kuchati kwa Python, lugha ya kuandikia programu, seva moja inayosubiri kugongewa na mteja mmoja anayegonga, akabidhi Jumatatu. Je, alikwenda kwa mwalimu wake? Alipanda daladala Gongo la Mboto, akasimama kwa mguu mmoja mpaka Ubungo, akanishukia hapa Manzese na kompyuta mgongoni.

"Shikamoo mjomba. Inanikatalia."

"Marahaba. Nini inakukatalia?"

"Soketi."

Nikavaa miwani. Miwani ni ya kusomea, lakini kuna mambo mtu huyapokei kwa macho matupu.

Tukapanga kitaalamu. Seva kwenye kompyuta yangu chumbani, mteja kwenye kompyuta yake sebuleni, katikati pazia, zote mbili zimeunganishwa kwenye hotispoti ya simu yake. Akaanza kulalamika kuhusu bando. Nikamwambia kompyuta mbili zikiongea ndani ya hotispoti moja hazigusi bando hata chembe. Hakuamini. Na mimi nisingeamini, jiji hili kitu cha bure mtu unakitazama mara mbili.

"Mteja anagonga?" nikapaza sauti.

"Anagonga mjomba! Anakataliwa! 10061!"

Hizo namba ndizo zilizonichosha. Luku inanipa tarakimu 20 na taa inawaka, hii inanipa tano na hakuna linalowaka. Lakini nilimweleza kwa utulivu kwamba kukataliwa ni nafuu. Maana yake umefika kwenye nyumba, umegonga mlango namba 5000, na wenyewe wamekujibu kuwa mlango huo hauna mtu. Ubaya ni kugonga ukaachwa juani.

Sasa nyumba zetu hizi kuta haziendi mpaka kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, cha sita wanamwambia pole. Nasikia Mama Zuhura kutoka uani: "Baba Neema, mteja akikataa mwache aende, riziki haivutwi kwa kamba!"

Nikanyamaza. Kijana naye hajui kunyamaza.

"Mjomba, nifanyeje?"

"Soketi yako imekufa! Ifunge, fungua nyingine!"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Dakika tano hazikupita, hodi. Shemeji yake Mama Zuhura, fundi umeme, tester mfukoni, bisbisi sikioni kama kalamu ya seremala.

"Mzee, nimesikia soketi imekufa."

"Siyo hiyo, kijana wangu. Hii ni soketi ya kompyuta."

"Ndiyo hiyo hiyo, kompyuta unaichomeka wapi?"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Nikamwambia hii ya kwetu haishikiki, ni mahali programu mbili zinapokutania. Akanitazama kwa huruma, akachomeka tester. Ikawaka. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa kwa kuchelewa. "Moto upo, lakini haujatulia." Kabla sijavuta pumzi kashafika koridoni, kazima swichi kubwa ya nyumba nzima.

Jamani.

Kompyuta yangu betri ilishakufa kitambo, ikazimika papo hapo, seva nayo chali. Mama Zuhura anaulizia friji la barafu zake. Chumba cha tatu wanadai wali uko kwenye jiko la umeme. Na mbele, kwenye fremu ya kinyozi, ikatoka sauti ya mtu mzima aliyekata tamaa. Mashine imesimama katikati ya utosi. Upande mmoja upara, upande wa pili msitu.

Akaingia na shuka lake shingoni. "Nani kazima? Mimi mteja nimeachwa katikati!"

Kijana wangu akainua kichwa: "Mjomba, huyu muunganisho wake umekatika kabla hajamaliza kupokea."

Ningemzaba kofi ningekuwa mtu mdogo.

Fundi kachuchumaa, kafungua soketi ya ukutani, kaonyesha waya. "Unaona nyutro ilivyolegea? Mngeungua nyie." Kila mtu akaniangalia mimi. Sasa nimekuwa mtu aliyetaka kuchoma nyumba.

Katika giza lile nikachukua kompyuta ya kijana, yake ina betri, nikasoma alichoandika. Mteja wake anapiga 127.0.0.1! Namba ile kila kompyuta ikiiita inajiita yenyewe. Ni sawa na kumwambia bodaboda "nipeleke nyumbani", atakupeleka kwake. Asubuhi nzima mtoto alikuwa anagonga mlango wake mwenyewe, anajikatalia mwenyewe, mimi napasuka koo chumbani. Nikamwekea anwani yangu ya kweli, 192.168.43.57.

Umeme ukarudi. Sasa hakuna kukataliwa, ni kimya, halafu 10060. Kumbe na seva kaifunga kwenye 127.0.0.1, inasikia ya ndani tu, wageni haiwajui. Nikaweka 0.0.0.0, isikilize kila upande. Wapi! Kimya. Sekunde ishirini na kitu, halafu 10060 ile ile. Ile ya juani niliyosema, ndiyo hiyo: fayawoli ya Windows, yaani mlinzi wa mlangoni wa kompyuta yangu, inameza anayebisha, haimwambii ndiyo wala hapana. Nikairuhusu. Kwa hasira nikafungua seva mara mbili, ikaja 10048, mlango una mwenyewe tayari. Mwenyewe ni mimi wa dakika moja iliyopita! Ni kama kupitisha begi dirishani uwahi siti, ukaingia ukaanza kugombana na begi lako.

Nikafunga moja. Mteja akaunganishwa. Kijana akaandika "Mambo". Chumbani hakuna kitu.

Seva ilikuwa inasoma mstari mzima, na yeye kapeleka neno bila alama ya mstari mpya mwishoni. Kwa hiyo inasubiri. Hapo nikaiheshimu kidogo, ina malezi ya pwani, haijibu salamu ambayo haijaisha. Za asubuhi, za nyumbani, za watoto, ndipo poa.

Akaongeza hiyo alama. Ujumbe wa kwanza, baada ya saa tatu, ukapita pazia: "Mjomba fundi anadai elfu kumi."

Nilikuwa namsikia fundi mwenyewe akidai. Nyumba nzima ilikuwa inamsikia.

Nimelipa. Na bado mwenye nyumba mwisho wa mwezi atasema kompyuta inakula umeme, nichangie luku mara mbili, wakati kuna mtu humu anapika wali kwa umeme na hasemwi. Kinyozi naye anasema mashine haina chaji, asubiriwe. Yule nusu upara amehamia sebuleni kwangu na shuka lake, Mama Neema kamkaribisha chai. Kaweka sukari vijiko vinne. Nimehesabu. Sukari hii hii.